Kicheko Kisicho na Mtani

Fuvu la kichwa likiingia kwenye grupu la familia la WhatsApp, mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru huuliza ni nani amefariki. Hajakosea kusoma. Maisha yake yote fuvu limekuwa alama ya sumu kwenye chupa, ya hatari kwenye nguzo za umeme, na ya mauti. Mjukuu aliyelituma alikuwa amecheka mpaka pumzi zikamwishia. Alitafuta alama ya kusema hivyo, akauona ule uso unaotoa machozi ya furaha, ambao Oxford waliuteua kuwa neno la mwaka 2015, umeshachakaa na kubaki wa watu wazima, ndipo akachukua fuvu. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilishasema zamani kuwa kicheko huua. Tunasema mtu amekufa kwa kicheko, amevunjika mbavu, hana mbavu. Fuvu limechora tu kile ambacho mzee mwenyewe hukitamka kila siku, na bado hakuelewa. Kumwambia kwamba siku hizi mambo ndivyo yalivyo hakumsaidii. Ninaloliona ni kwamba mtu wa zamani hashindwi na umbo la mzaha wa mtandaoni, kwa sababu umbo hilo analo tangu utotoni. Kinachomshinda ni kutojua nani anamtania nani. Hilo ni swali la undugu na jamaa kabla halijawa swali la teknolojia, na tunapomweleza kana kwamba ni la teknolojia peke yake tunamwondoa kwenye uwanja anaoujua kuliko sisi.

Maelezo ya kawaida huanzia kwa Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, ambaye mwaka 1976 alibuni neno meme kutokana na Kigiriki, akiwa na maana ya jambo lolote la utamaduni linaloenea kwa kuigwa, liwe wimbo au mtindo wa nguo. Baadaye neno hilo likahamia kwenye picha za kuchekesha za mtandaoni. Maelezo hayo ni ya kweli, ila kwa mzee hayafungui mlango wowote. Heri umwoneshe kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini, zamani kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kilatini. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye Mombasa nzima ilimjua kwa jina la Abdulla, lilifunguliwa mwaka 1887, na kwa miongo mingi nguo hizo zilichapwa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, India na Japani, kabla viwanda vyetu kama Urafiki cha Dar es Salaam havijaanza kuzitoa. Mwanamke anayenunua kanga iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati" hakuyatunga maneno hayo, na wanawake maelfu wameinunua kabla yake. Lakini akiifunga siku ya harusi ya mwanamume aliyewahi kumposa kisha akamwacha, akapita nayo taratibu mbele ya jukwaa la maharusi, maneno yanakuwa yake peke yake. Hajafungua mdomo. Akiulizwa, atasema amevaa nguo tu. Wanaojua kisa wanainama kuficha vicheko, na asiyejua anaona kitambaa chenye maua mazuri.

Hiyo ndiyo meme, yote kamili. Kuna umbo lililotengenezwa na mtu mwingine, limetumiwa na wengi, lina maneno machache, na maana yake haikai ndani yake bali katika kuchagua saa, mahali na mtu wa kuliona. Hapa pia ndipo panapojibiwa wale wanaosema kwamba fumbo la zamani lilikuwa sanaa na meme ni uvivu wa kunakili. Kanga ilitoka kiwandani kwa maelfu, na hakuna aliyemvunjia heshima mvaaji wake kwa sababu hiyo. Ustadi ulikuwa katika kuvaa. Anayetuma picha ileile iliyotumwa na watu milioni, lakini akaituma dakika ileile ambayo shemeji yake amemaliza kuahidi kwamba mwezi huu atalipa deni, amefanya kazi ya ustadi huohuo.

Chukua picha moja tuitazame kwa karibu. Kijana mweusi amevaa koti la ngozi, anatabasamu kwa kujiamini, kidole chake cha shahada kimegusa panja kana kwamba anasema, "Tumia akili." Ni Kayode Ewumi, mwigizaji wa Uingereza, katika mchezo wa Hood Documentary wa BBC Three, na picha yenyewe ilienea sana mwaka 2017, pamoja na maandishi juu yake. Maandishi hubadilika kila mara, lakini mantiki yake ni ileile: "Huwezi kuchelewa kazini kama huna kazi." Mzee akiiona anamwona mtu mwenye busara anayefikiri, kisha anasoma upuuzi, na viwili hivyo havikutani. Ukianza kumsimulia Ewumi ni nani na mchezo ulihusu nini, utampoteza kabisa. Mkumbushe Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akasema ile kubwa imezaa. Jirani akafurahi, akapokea zote mbili. Mara ya pili Abunuwasi hakurudisha kitu, akasema sufuria imekufa, na jirani alipobisha akaulizwa vipi aliamini kuzaa na akatae kufa. Kijana wa kwenye picha ni Abunuwasi aliyeondolewa kwenye hadithi. Jirani hayupo, sufuria haipo, kadhi hayupo. Imebaki ile sekunde moja ambapo hoja mbovu imevaa kilemba cha hekima. Abunuwasi mwenyewe alianza kama Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na watu wa Pwani walimchukua wakamfanya wao bila kuhitaji nasaba yake. Tofauti ninayoiona ni hii: hadithi ilimpa kila msikilizaji mwanzo na mwisho, kwa hiyo hata mgeni alicheka. Picha inadai uwe umeshaiona mara kumi kabla ya kucheka mara ya kumi na moja.

Kuna pingamizi zito zaidi. Mtu atasema kwamba fumbo huwa na jibu, na kanga huwa na ujumbe, lakini mzaha wa vijana wa leo umefika mahali hauna maana yoyote. Mwaka 2025 tovuti ya kamusi ya Dictionary.com iliteua namba kuwa neno la mwaka, 67, inayotamkwa kwa Kiingereza "six-seven", yaani sita-saba, huku mtoto akigeuza viganja juu na kuvipandisha na kuvishusha kama mizani. Chimbuko lake ni wimbo wa Skrilla, msanii wa Philadelphia, lakini ukimuuliza mtoto anayeitamka ina maana gani, hana jibu, na kukosa jibu ndiko kunakomfurahisha. Wazazi wengi na walimu wamekasirika, wakaona akili za watoto zimeoza. Mimi sioni hivyo. Muulize mzee huyohuyo "pakawa" ni nini. Kila aliyelelewa kwa hadithi za jioni, akisikia "Paukwa!", hujibu "Pakawa!" bila kufikiri, na wachache mno wanaweza kueleza maneno hayo yametoka wapi au yana maana gani. Hakuna aliyewahi kuona hilo kuwa ila. Kazi ya pakawa si kueleza kitu bali kuhesabu waliopo: aliyejibu yumo, asiyejibu amelala au ni mgeni. Sita-saba inafanya kazi hiyohiyo kwa watoto, inatenga waliomo na wasiokuwamo, na mtu mzima akishaijua huisha ladha. Mzaha usio na maana ni mlango, na mlango hauulizwi maana yake, unaulizwa nani ana ufunguo.

Hata ukali wa mtandaoni, unaomtisha mtu wa zamani kuliko upuuzi, ulikuwapo. Kwenye taarabu ya mipasho, mwimbaji anapofika kwenye ubeti wenye makali, mwanamke mmoja huinuka kitini, noti mkononi, anakwenda mbele kutuza kwa mwendo wa madaha. Hatuzi sauti nzuri. Njiani anapitia meza ya mbaya wake, anainua noti juu, anageuza bega kidogo, na ukumbi wote unajua ubeti ule sasa una anwani. Ndicho anachofanya kijana anapomtaja mtu kwa jina chini ya picha ambayo haikumhusu. Na kabla ya hapo palikuwa na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliyepigana vita vya mashairi upande wa Wamazrui dhidi ya Seyyid Said na dhidi ya Lamu. Mashairi yalisafiri kwa jahazi, yakasomwa, yakajibiwa, na majibu yakarudi kwa upepo wa msimu mwingine. Julai 2015 CNN iliposema kwamba Barack Obama anakwenda Kenya, nchi iliyoiita kitovu cha ugaidi, Wakenya walijibu kwa maelfu kwenye Twitter, kwa kejeli, picha na vichekesho, na mwezi uliofuata mkubwa wa kituo hicho alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Muyaka angeuelewa mchezo huo mara moja. Angestaajabia mwendo wake tu, kwamba jibu halikungoja kaskazi wala kusi.

Basi kama umbo ni lile, upuuzi ni ule, na ukali ni ule, kwa nini mzee anauliza nani amefariki? Jibu limo katika neno ambalo Waswahili na majirani zao wa bara wamelitumia kwa muda mrefu, nalo ni utani. Utani haukuwa mzaha wowote. Ulikuwa uhusiano unaojulikana, kama ujomba. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na vizazi vyao vikawa watani. Wanyamwezi walioteremka Pwani na misafara walipata watani njiani na mwisho wa safari. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lisiloambilika, na wewe unayo ruhusa ileile kwake. Msibani hufika akaiga mwendo wa marehemu, akamsema kwa uchoyo wake, akaficha jembe au kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kila aliyepo anajua huyu ni nani na kwa nini ana haki. Akishapewa chake hunyamaza, kaburi huchimbwa, mambo huendelea. Angalia masharti yaliyomo humo: watu wawili wanaojuana, ruhusa ya pande mbili, mashahidi wanaoufahamu uhusiano, na mwisho. Mzaha wa mtandaoni umechukua maneno yote ya mtani, ukaacha masharti yote manne nyuma.

Waliojenga mtandao waliliona pengo hili mapema sana. Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, watu walikuwa wakiandikiana kwenye kompyuta, na mzaha kuhusu lifti iliyomwagikiwa zebaki ukachukuliwa na wengine kuwa tahadhari ya kweli. Tarehe 19 mwezi huo Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa chuo hicho, alipendekeza nukta mbili, kistari na mabano, vikitazamwa kwa ubavu viwe uso unaotabasamu, ili msomaji ajue kwamba hapa pana mzaha. Miaka hiyo yote tangu wakati ule, vile vijiuso, stika na mafuvu vimekuwa vikijaribu kufanya kazi ambayo kwetu ilifanywa na salamu moja. Mtu alipoingia uani akasema "Mtani wangu!", kila kilichofuata kilikuwa kimeshafasiriwa. Kijiuso hakiwezi kusema hivyo. Kinasema tu kwamba aliyeandika anatania; hakisemi ana haki gani ya kukutania wewe.

Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi Kenya, mwanamume mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya wapiga kura jijini Nairobi akila githeri kwenye mfuko wa plastiki, ametulia, hana habari na dunia. Kufikia jioni alikuwa ameshabandikwa kila mahali, pembeni ya viongozi wa dunia, kwenye majalada ya magazeti, kwenye mabango ya filamu. Kicheko kile kilikuwa cha upendo, kilipoza taifa lililokuwa na wasiwasi, na baadaye mwenyewe alipata zawadi na hata kutunukiwa na serikali. Wengi humtaja kama ushahidi kwamba mzaha wa mtandaoni haumdhuru mtu. Lakini hakuna aliyemuuliza kabla, naye hakuwa na namna ya kuwatania mamilioni waliomtania. Alibahatika kicheko kilipomwelekea kwa wema. Nyuso nyingine zimegeuzwa stika bila bahati hiyo, uso wa mtu aliyefiwa, wa mgonjwa, wa mwanafunzi aliyekosea neno moja, na tangu WhatsApp ilipoleta stika mwaka 2018 uso wa mtu unaweza kuwa mali ya simu ambazo mwenyewe hatazijua. Mtani wa msibani alilipwa akanyamaza. Stika hailipwi, na hainyamazi.

Kwa upande wa pili, mkubwa akitaniwa na mdogo, utata ni uleule. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais John Magufuli, mchekeshaji Idris Sultan alibadilishana naye sura kwenye picha, kichwa cha huyu kwenye mwili wa yule, akaposti. Kwa vijana wa rika lake ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, namna ya kumkaribia kiongozi. Kwa waliomwita polisi kuhojiwa ilikuwa dharau. Picha ilikuwa moja, na ingekuwa kazi bure kuikodolea macho ili kujua nani yuko sahihi, kwa kuwa ugomvi haukuwa juu ya picha. Ulikuwa juu ya swali kama raia anaweza kuwa mtani wa rais. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na naona sheria hizi zinalijibu swali la utani kwa pingu, jambo ambalo mila haikuhitaji. Sheria inajua kosa na adhabu. Haijui ruhusa ya pande mbili.

Nitaambiwa kwamba ninaipamba zamani, na kwamba utani nao uliumiza, mipasho ilivunja ndoa, na wanyonge walichekwa bila kujitetea. Ni kweli, na sidai kwamba masharti yale yalimlinda kila mtu. Nadai kwamba yalikuwapo, na aliyeyavunja alijulikana na akaambiwa. Nitaambiwa pia kwamba vijana wana adabu zao, na hili ni kweli zaidi kuliko wazee wanavyodhani. Katika grupu la marafiki kumi, wanaotengenezeana stika za nyuso zao wenyewe, kila mmoja ametania na kutaniwa, na anayezidisha huambiwa aifute. Huo ni utani halali, pengine hai kuliko ule wa makabila, ambao katika miji yetu umebaki jina. Unavunjika pale mmoja anapopiga picha ya skrini na kuipeleka kwa watu wasiowajua wale kumi. Mzaha hauharibiki kwa kuwa mkali. Unaharibika ukihama nyumba.

Ndiyo maana nadhani kazi ya kumweleza mtu wa zamani ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na anayeweza kuifanya yuko karibu. Katika mila zetu nyingi mjukuu na babu ni watani wa kuzaliwa. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, mjukuu wa kiume humwambia babu kwamba bibi ameshamchoka, na nyumba nzima hucheka kwa sababu hakuna asiyejua mpaka uko wapi. Hawa wawili, ambao mtandao unasemekana umewatenga, ndio pekee katika grupu lile wenye kila sharti la utani. Basi wewe mjukuu unayesoma haya, babu akiuliza nani amefariki, usilipige picha swali lake ukalipeleka kwa wenzako wakacheke. Mjibu palepale, mbele ya familia. Mwambie umekufa wewe, kwa kicheko, kisha umdai rambirambi.